Choki Tatu za Kigangoni

Siku ya kugawa vitu vya mdogo wangu, mimi nilipewa mfuko wa zana. Koti lake jeusi lilikwenda kwa mjomba, viatu vya mvua vikaenda kwa mtoto wa dada yetu, redio ikabaki kwa mke wake. Mfuko uliwekwa mbele yangu kwenye jamvi, na shangazi akasema, "Wewe ndiye mkubwa. Utamalizia alipoishia."

Niliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mfuko wa turubai, mzito kuliko nilivyodhani, na ndani yake kulikuwa na koleo mbili, bisibisi tano, testa, utepe mweusi uliobaki nusu na vipande vya waya alivyovikunja vizuri na kuvifunga kimoja kimoja. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuvitumia. Nami sikusema kwamba sijui. Mdogo wangu alisoma chuo cha ufundi, akafunga umeme katika nyumba nyingi za huku kwetu na nyingine mpaka mji wa Mkuu. Mimi niliishia darasa la saba nikabaki na kahawa na migomba ya baba.

Lakini huku mlimani ukishapewa mfuko wa mtu, watu wanakuita kwa kazi yake. Haikupita wiki mbili mama mmoja jirani akaniita, "Fundi, njoo utazame swichi yangu." Nikaenda. Ilikuwa waya tu umechomoka, nikaurudisha. Akanipa kikombe cha mtori wa ndizi, akaniita fundi tena wakati naondoka. Niseme ukweli, nililipenda lile jina. Nilipokuwa natembea na ule mfuko begani nilihisi kama mdogo wangu hajaenda mbali.

Sikuwa naweza kukaa. Watu wengine wakifiwa hulala, mimi ilikuwa kinyume. Nilipogoa mibuni ambayo haikuhitaji kupogolewa. Nilipanda na mfereji mpaka unapoanzia, nikashuka nao tena, bila shughuli yoyote. Nikikaa kwenye kiti mikono yangu ilikuwa inafungua mfuko na kuufunga. Kwa hiyo mtu akija na swichi yake nilikuwa nashukuru kimoyomoyo.

Kigango chetu kina taa tatu kubwa, zinaning'inia juu ya mabenchi, kila moja ina globu nyeupe yenye ukubwa wa papai. Mdogo wangu ndiye aliyezifunga. Tunazihitaji asubuhi. Miezi ya masika wingu linashuka mpaka kwenye migomba, na ndani ya kanisa mtu hasomi wimbo bila taa. Juu ya mlango wa sakristia kuna ubao, na juu ya ubao aliweka vyuma vitatu vyeusi, kimoja kwa kila taa. Kila kimoja ni kizito kama jiwe la kusagia. Mafundi wanaviita choki. Kwenye karatasi za kitaalamu vinaitwa balasti. Mimi nilikuwa naviona tangu siku alipoviweka na sikuwahi kumuuliza ni vya nini. Taa zikiwaka vilikuwa vinanguruma kidogo, kama nyuki walio mbali.

Masika haya taa ya kwanza ilikufa. Mwenyekiti wa kamati ya kigango akanifuata shambani.

"Fundi, taa moja imelala."

"Nimeiona."

"Sasa umeiona halafu umefanyaje? Mfuko si unao?"

Nikashuka mjini Moshi na ile globu iliyokufa nimeizungushia gazeti. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa joto la miaka. Katika duka la kwanza la vifaa vya umeme kijana wa kaunta aliigeuza mara moja, akaniuliza, "Unataka yenye choki au isiyo na choki?"

Hapo ndipo ilipoanzia. Sikujua jibu. Ningeweza kusema sijui, lakini mfuko ulikuwa begani, na nyuma yangu walisimama mafundi wawili wenye maovaroli. Nikasema, "Isiyo na choki," kwa sababu ilisikika kama kitu chepesi.

Akanipa globu inayofanana kabisa na ile ya zamani, shingo ileile, umbo lilelile. Jumamosi nikaegemeza ngazi, nikaifunga. Ikawaka, lakini nyekundunyekundu, hafifu, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Ikawa inajikaza, inarudi nyuma. Nikasema globu ni mpya, haiwezi kuwa na ugonjwa. Mgonjwa ni kile chuma. Nikapanda kwenye ubao, nikazima umeme, nikachomoa choki na kuunganisha waya moja kwa moja. Nikawasha. Taa ikawaka vizuri kabisa, kanisa likajaa mwanga.

Nilifurahi mno. Nilifurahi kama mtu aliyemshinda mwenzake, na huyo mwenzangu alikuwa marehemu. Nikajisemea kwamba basi zile choki zimechoka, zinazikaba taa bure. Nikachomoa na zile mbili nyingine, nikaunganisha waya vilevile. Nilipotaka kujaribu, umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima. Nikafunga mfuko, nikaenda nyumbani.

Asubuhi ya Jumapili umeme ulikuwa umerudi na wingu limekaa mlangoni. Watu walikuwa wameshaingia. Katekista akabonyeza swichi. Taa ya pili ikamulika kwa mng'aro wa kuumiza macho, halafu ikapasuka. Ya tatu ikapiga mwanga huohuo, nayo ikapasuka, na papo hapo umeme wote wa kanisa ukakatika. Vioo vilinyesha juu ya mabenchi upande wa wanawake. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia, ila bibi mmoja alikutwa na vipande kwenye mkunjo wa kitenge chake, na alilia kwa hofu.

Mwenyekiti akatazama juu, akaona ubao hauna choki, akatikisa kichwa. "Marehemu, Mungu amrehemu," alisema, na kila mtu alisikia, "alituwekea vyuma vibovu, vikaziharibu taa. Bahati ndugu yake amevitoa mapema, la sivyo kanisa zima lingeungua."

Watu wakanigeukia. Mmoja akanipigapiga begani. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Ndiyo, niliitikia. Nimejaribu kukumbuka kama labda nilishtuka tu, kama labda shingo ilijiendea. Haikujiendea. Nilijua kwamba jana yake zile taa mbili zilikuwa nzima, na kwamba aliyezigusa ni mimi. Mke wa marehemu alikuwa benchi la tatu, chini kabisa ya ile taa ya pili. Alikuwa anaokota vioo na kuviweka kwenye kiganja. Hakuinua uso.

Tangu siku ile akawa anakaa mwisho, karibu na mlango, misa ikiisha ni wa kwanza kutoka. Zamani akichinja kuku alikuwa ananiletea kipapatio na firigisi. Vikakoma. Kule kwenye genge nilisikia mtu akimwonya mwenzake kwamba nyumba zote alizofunga marehemu zikaguliwe. Na misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakuja, isomwe katika kanisa hilohilo, jina lake litajwe chini ya waya zinazoning'inia.

Kamati ikaamua choki zitupwe. Zilikuwa zimewekwa nje chini ya mchirizi, zinanyeshewa, zinamngoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipita pale mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu nikaziokota, nikazifuta kwa shati. Nilipozigeuza nikaona kibandiko upande ambao ulikuwa umeelekea ukutani. Namba mia mbili na hamsini, na maneno ya Kiingereza niliyoyasoma kwa shida. Nikaitia moja kwenye mfuko nikashuka tena mjini, safari hii duka jingine.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo. Baadaye aliniambia ametokea Singida, na kwamba alifanya kazi miaka mingi upande wa umeme katika kiwanda cha sukari kule tambarare.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikaweka choki juu ya kaunta. Akacheka. "Hii umeitoa jumba la makumbusho?"

"Nataka taa inayokwenda na hii."

"Wewe ni fundi?"

"Nina mfuko wa fundi."

"Hata mimi nina gitaa nyumbani," alisema, na huku anacheka akasoma kile kibandiko. "Hii ni ya taa ya zebaki, wati mia mbili na hamsini. Nani aliitoa?"

"Mimi."

"Nani alikwambia uitoe?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe."

Lilikuwa neno dogo, lakini nilikuwa sijawahi kulisema mbele ya mtu. Nikamweleza yote, ile globu ya kwanza iliyowaka hafifu, kisha ikawa nzuri, halafu hizi mbili zilizopasuka. Alikuwa anasikiliza huku amekunja uso. Nilipomaliza akavuta kiti, akaniambia nikae. Nikabaki nimesimama.

"Mzee wangu, sikiliza. Globu ya kawaida ina waya ndani. Waya ukipata moto unajizuia wenyewe, hauchukui umeme zaidi ya kipimo chake. Hii ya zebaki haina waya wa kuwaka. Ndani kuna kijibomba chenye gesi na tone la zebaki. Umeme ukishapata njia humo, njia inazidi kuwa nyepesi. Ukipita mwingi unatengeneza nafasi ya kupita mwingi zaidi. Hauna breki. Utapita mpaka kitu kipasuke au fyuzi ikate."

Nikakaa chini sasa. "Kama mfereji uliobomoka," nikasema.

"Mfereji gani?"

Nikamweleza, maana kwao hakuna. Maji yetu yanatoka juu, yanapita kwenye ukingo wa udongo. Ukingo ukitoboka, tundu la kwanza ni la kidole tu. Lakini maji yanakula udongo, tundu linapanuka, likipanuka maji yanaongezeka, yakiongezeka yanakula tena. Mchana ukifika, migomba ya jirani imelala. Ndiyo maana pale unapoyagawa maji kwenda shambani unaweka jiwe na gogo la mgomba, yaingie kwa kipimo.

"Basi choki ndiyo hilo jiwe," alisema. "Na kila mfereji una jiwe la saizi yake. Mia mbili na hamsini kwa mia mbili na hamsini. Ukiniletea choki hii nikakuuzia taa ya manjano, ile ya barabarani, nimekudanganya. Ile ina choki yake na kiwashio chake. Shingo kuingia kwenye holda si hoja. Shingo zote zinaingia."

"Na ile ya kwanza niliyonunua?"

"Ile ni ya mchanganyiko. Ina gesi na waya pamoja, huo waya ndio choki yake. Imebeba jiwe lake tumboni. Wewe ukaiweka kwenye mfereji ambao tayari una jiwe."

Mawe mawili, maji yakawa ya kudondoka. Nikatoa moja, yakaenda vizuri. Halafu nikaenda kwa zile ambazo hazikuwa na jiwe tumboni nikazinyang'anya lile moja zililokuwa nalo. Niliona kila kitu pale kwenye kaunta, wazi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mdogo wangu hakuwa amekosea hata kidogo.

Yule mama akaenda nyuma, akarudi na maboksi mawili yenye vumbi na taa nyingine mpya, nyepesi, ya plastiki na bati. "Za zebaki nimebaki na hizi mbili tu. Siku hizi hawaleti. Ukinisikiliza mimi, chukua LED tatu. Umeme zinakula kidogo, na choki zote unatupa."

"Zote?"

"Zote. Mnunuzi wa chuma achukue. Hakuna atakayepanda tena kwenye huo ubao."

Niliishika ile LED. Ilikuwa nyepesi kama kibuyu kitupu. Nilielewa vizuri alichoniambia, na nikaelewa kitu kingine ambacho yeye hakukikusudia. Nikipeleka hizi, kamati itanishukuru. Vyuma vitaondoka na gari la chakavu. Maneno ya mwenyekiti yatabaki kama yalivyosemwa, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuyapima tena. Nilikaa na ile taa mkononi mpaka yule mama akamaliza kuhudumia wateja wawili.

"Nipe za zebaki," nikasema.

"Mzee, hizi mpya ndizo nzuri."

"Sibishi. Zikija kufa hizi, nitakuja kuchukua mpya. Lakini kwanza hizi ziwake na choki zake, watu waone."

Akanitazama. "Waone nini?"

"Kwamba aliyezifunga alijua kazi."

Hakuniuliza zaidi. Aliniambia tu, "Usizirudishe wewe. Jumamosi nafunga duka mchana, nitapanda."

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo nilikwenda kwa shemeji, mke wa marehemu. Nilikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba la baba, nikalipiga fundo kama tunavyofanya. Huku kwetu ukimkosea mtu unampelekea hilo jani, na aliyepelekewa hawezi kulikataa. Nilimkuta anamenya ndizi. Aliliona kabla sijasema neno, akaweka kisu chini.

"Shemeji, zile taa ni mimi niliziharibu," nikasema. "Choki zilikuwa nzima. Mwenyekiti aliposema ni za marehemu, nilijua si kweli. Nikaitikia."

Alifuta mikono kwenye kanga. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea jani, akaliweka mapajani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Alikuwa akiunganisha kitu, kabla hajakigusa alikuwa anakigeuza pande zote, kama mtu anayenunua mbuzi. Mimi nilikuwa namcheka. Mtu wa namna hiyo hawezi kuweka chuma kibovu juu ya kichwa cha mke wake." Akashika tena kisu, hakumenya. "Jani nimelipokea. Siwezi kulikataa, unajua. Lakini mimi ndiye niliyesema kazi yake mbovu?"

"Hapana."

"Basi umelileta nyumba isiyo yake. Wapelekee waliosema."

Jumamosi yule mama alipanda kama alivyoahidi, amevaa suruali chini ya kitenge. Alizikausha choki mbili, akazipima, akazirudisha kwenye ubao. Ya tatu aliiacha pembeni, kwa kuwa ile taa ya mchanganyiko haiihitaji. Alipokuwa anafunga waya alisema, bila kunitazama, kwamba aliyeunganisha mwanzo alikuwa na mkono safi. Halafu akaongeza, "Kosa lake ni moja. Hakuandika mahali popote ni taa gani inaingia. Fundi anaandika, maana hatakuwepo siku zote." Hilo nimeliweka hapa kwa sababu ni kweli pia. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye ubao, kwa herufi kubwa, kama alivyonielekeza.

Jumapili ya kumbukumbu wingu lilikuwa zito. Padri alikuwa bado anavaa mavazi ya misa kule sakristia. Sikungoja matangazo, nisingeweza kukaa mpaka matangazo. Nikaenda kwenye swichi nikabonyeza. Taa ya kwanza ikawaka palepale. Zile mbili zikatoa mwanga wa zambarau, hafifu kabisa, zikabaki hivyo.

"Hameni hapo chini!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Zinapasuka hizo!"

Benchi la pili na la tatu yakabaki matupu. Mwanamume mmoja akacheka, "Fundi, hata leo?"

"Zinachukua dakika chache kupata moto," nikasema. "Zilikuwa hivyohivyo enzi zake, ni vile tulikuwa tunazikuta zimeshawaka." Nikaenda nikasimama chini ya taa ya pili. Miguu ilikuwa haitulii, nikawa nahama kutoka mguu huu kwenda huu. "Ile Jumapili zilipopasuka, choki hazikuwa mbovu. Taa zilipasuka kwa sababu mimi nilizitoa. Sikujua choki ni za nini, nikaona aibu kuuliza. Mwenyekiti aliposema ni marehemu, nilijua, na nikaitikia kwa kichwa. Mliniona nikiitikia. Choki ni zilezile alizofunga yeye, ziko juu, mtazame."

Nilikuwa nimepanga maneno mengine, yakanipotea. Nikaweka jani la sale kwenye benchi la mbele, alipokaa mwenyekiti.

Mwenyekiti alitazama jani, akatazama juu. Zambarau ilikuwa inageuka kuwa nyeupe polepole, na kule kwenye ubao ule mngurumo wa nyuki ulikuwa umerudi.

"Kumbe ni wewe, fundi," alisema.

"Mimi si fundi, Mwenyekiti. Nina mfuko tu."

 Alichukua jani akalitia mfuko wa koti. Sijui hata leo kama amenisamehe, maana tunasalimiana tu. Lakini akasimama, akageukia watu, akasema kwa sauti ileile aliyoitumia siku ya vioo, "Basi nilimkosea marehemu."

Kule mlangoni shemeji akainuka. Akapita katikati taratibu, watu wakimpisha, akafika benchi la tatu ambalo hakuna aliyetaka kulirudia, akakaa pale pake, chini ya taa ya pili. Akafungua kitabu cha nyimbo. Padri akatoka.

Mimi nilisimama karibu na swichi mpaka misa ilipokwisha.